Zenoni wa Kinu cha Maji

Jumamosi moja ya Juni, saa tatu asubuhi, Teopista alifunga ugali na maharage kwenye karatasi ya foili, akampa mumewe Protasi ufunguo wa gari, wakatoka nyumbani kwao Morse Road wakiwa watatu na binti yao Aline. Walikuwa wanakwenda kwenye kijiji cha watalii, mwendo wa saa moja na nusu kutoka Columbus, Marekani, katikati ya mashamba ya mahindi. Tajiri mmoja alikuwa amekijenga kifanane na vijiji vya mashambani Uingereza. Kulikuwa na nyumba za mawe zilizoezekwa nyasi, kondoo wenye nyuso nyeusi, mkahawa wa chai na skonzi, na kinu cha kusaga ngano kwa nguvu ya maji, kilichobomolewa Uingereza jiwe kwa jiwe na kujengwa upya hapo.

Teopista hakwenda kwa ajili ya kondoo. Mdogo wake Zenoni alikuwa ameajiriwa pale kiangazi kilichopita kutengeneza gurudumu la kinu. Mwezi wa Agosti meneja wa kijiji alimwandikia barua fupi: Zenoni ameacha kazi kwa hiari yake na kuhamia Louisville. Teopista aliwapigia simu Warundi wote wa Louisville aliowajua, na wa Buffalo pia. Hakuna aliyemwona. Aliisoma barua ile mpaka ikachanika kwenye mikunjo. Walikuwa wamelelewa pamoja kwenye kambi ya wakimbizi ya Mtabila, Tanzania; Zenoni hakuwa mtu wa kuhama bila kuja kuchukua viatu vyake vya kanisani.

Walianzia mkahawani. Mhudumu alipomwona Teopista alimwaga chai kwenye kisahani.

"Mnafanana," alisema.

"Na nani?" Aline akauliza.

"Nendeni kinuni saa nane." Akaendelea kufuta meza ambayo tayari ilikuwa safi.

Saa nane watalii wapatao thelathini walikuwa wameketi kwenye mabenchi ya kinu. Mwongozaji, mama aliyevaa gauni refu la zamani, alifungua maji. Gurudumu likazunguka, na Zenoni akatoka chini yake na ovaroli yake ya buluu, maji yakimchuruzika masikioni. Alikuwa amekufa miezi kumi iliyopita. Afya yake ilionekana nzuri, isipokuwa bega la kushoto lilikuwa limeshuka. Watalii walipiga makofi. Protasi alivua kofia.

"Dada," Zenoni alisema, "njiani salama?"

"Salama. Wewe ulipatwa na nini?"

"Gurudumu. Nilikuwa ndani nikikaza bolti. Niliwaambia wasifungue maji. Meneja akasema basi la watalii limefika, wanataka kuliona likizunguka. Akafungua."

"Mwili uko wapi?"

"Chini ya sakafu mpya. Hapo aliposimama yule mama."

Mwongozaji alisogea hatua mbili, akaendelea kueleza jinsi ngano inavyosagwa.

Meneja alikuja akiwa na adabu zake zote. Aline alimtafsiria maneno ya mjomba wake, neno kwa neno. Mtalii mmoja aliuliza kama unga unauzwa.

"Kwenye karatasi zetu aliacha kazi," meneja alisema.

"Lakini yeye anasema ulifungua maji," alisema Aline.

"Husema hivyo kila siku, saa nane na saa kumi. Kwa Kiswahili. Wageni wanaipenda sana lugha hiyo."

Protasi alimwita askari wa kaunti. Alikuja, akala pai ya nyama, akamwuliza Zenoni jina lake, na Zenoni akalitaja herufi kwa herufi. Askari alimweleza Teopista kwamba hawezi kumwandika kama aliyepotea mtu aliyekutwa kazini kwake, wala kumwandika kama marehemu mtu anayejitajia jina. Kuhusu sakafu, ilikuwa nzuri, na hakuona sababu ya kuivunja. Akafunga daftari.

"Twende nyumbani," Teopista alimwambia mdogo wake.

Walikwenda naye hadi maegesho. Protasi alikuwa ameshafungua mlango wa nyuma Zenoni alipogeuka maji, akatiririka juu ya kokoto kurudi mtoni. Saa kumi alikuwa kinuni tena. Teopista alimfungulia foili, naye akala kwa mkono, akauliza kama wamesahau pilipili.

Tangu siku hiyo Teopista alibadilisha zamu kwenye ghala alikofanya kazi ili awe huru Jumamosi. Kila wiki alisimama mbele ya mabenchi na kumwuliza mdogo wake, kwa sauti ya kusikika na wote, ni nani aliyefungua maji. Zenoni alijibu. Aline alitafsiri. Watu walisikiliza mpaka mwisho, wengine wakilia, kisha wakaenda kula skonzi. Teopista aliwatazama usoni mmoja mmoja wakitoka, akimtafuta atakayerudi kuuliza swali.

Mwishoni mwa Agosti meneja alimpokea langoni kwa mikono miwili, akamwonyesha ubao mpya uliopakwa rangi ya kijani: *Mtu wa Kinu, kila siku. Jumamosi, pamoja na dada yake.*

Teopista aliusoma mara mbili. Nyuma yake mabasi mawili yalikuwa yanashusha watu. Ilikuwa imebaki dakika tano kufika saa nane, na Zenoni hakupenda kuanza peke yake. Akaingia.