Vyuo Viwili Ndani ya Kitambaa

Bi Kadi alikuwa mhariri wa kamusi. Jina hilo alipewa kazini kwa sababu kila neno alilolinasa aliliandika kwenye kadi, akalipanga katika droo za mbao zilizojaa ukuta mzima. Meza iliyotazamana na yake ilikuwa ya Taratibu, baba wa watoto watatu, ambaye Bi Kadi mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi. Walikuwa wamekaa chumba kimoja miaka kumi na miwili, wakigombania maana za maneno na kucheka pamoja.

Mwaka ule taasisi yao ilipandishwa hadhi ikawa chuo kikuu. Mwenyekiti wa kamati ya chuo akataka asili ya neno "chuo" ichongwe kwenye ukuta wa lango, na ndiyo hiyo hiyo iingie kwenye kamusi. Asili yenyewe alikuwa nayo tayari mfukoni: chuo kimetokana na kuchuana, mahali ambapo akili hushindana.

"Kuchuana!" Bi Kadi alicheka hadi akavua miwani. "Zamani chuo kilikuwa kitabu, basi. Palipokuwa na vitabu vya kusomwa pakaitwa chuoni, na msomi akaitwa mwanachuoni. Hicho 'kikuu' kimekuja juzi tu."

"Ushahidi unao, dada?" Taratibu aliuliza.

Kesho yake Bi Kadi alimletea barua ya zamani ambayo babu yake mzaa mama alimwandikia binti yake, yaani mama yake Bi Kadi. Taratibu akaisoma kwa sauti: "Nimekupelekea vyuo viwili, nimevifunga kwa kitambaa. Visilowe, kurasa zimeanza kulegea."

"Hapa wamekwisha," alisema. "Nani amewahi kufunga chuo kikuu kwa kitambaa?"

Akaiomba aipige picha vizuri nyumbani, maana mashine ya ofisini ingeichana. Bi Kadi akampa bila kufikiri mara mbili. Hata dada zake hakuwahi kuwapa barua ile.

Wiki mbili baadaye kamati ilikutana. Bi Kadi alisimama, akaeleza yote, kisha akasema, "Barua yenyewe anayo mwenzangu. Ameisoma."

Mwenyekiti akageuka. "Ni kweli?"

Taratibu aliisogeza glasi yake ya maji, akairudisha pale pale ilipokuwa.

"Barua hiyo sijaiona, mheshimiwa," alisema. "Bi Kadi amewahi kunisimulia tu."

Masikio ya Bi Kadi yaliwaka moto. Mtu mmoja akakohoa, mwingine akafunua karatasi. Mwenyekiti alisema kwa upole kwamba kumbukumbu za familia ni tamu lakini si ushahidi, na wakaendelea na jambo lililofuata.

Bi Kadi alimsubiri Taratibu katika chumba chao cha kazi, mlango wazi.

"Barua yangu."

Taratibu hakubisha. Alifungua droo ya chini, akaitoa. Ilikuwa ndani ya bahasha ya plastiki, imenyooshwa mikunjo yote, na nyuma yake kulikuwa na karatasi aliyonakilia barua nzima kwa mkono wake, hata pale wino ulipofifia.

"Hujaiona, lakini umeinakili."

"Neno kwa neno, dada. Ni kweli tupu." Alijikuna shingo. "Lakini ukuu wa idara unatangazwa mwezi ujao. Na mwenyekiti yule, unamjua."

"Ungenyamaza tu."

"Aliniuliza."

"Ndiyo, alikuuliza," Bi Kadi alisema, akaiweka barua kwenye mkoba. Kama angekuwa ameipoteza, au ameiunguza kwa bahati mbaya, wangelia pamoja yakaisha. Kule kuitunza vile ndiko kulikomchoma.

Maneno ya kuchuana yalichongwa. Juzuu ya kwanza ya kamusi ikatoka nayo, na Taratibu akawa mkuu wa idara. Bi Kadi alikata rufaa mara mbili, akiambatisha nakala ya barua, hakujibiwa. Akaomba ahamishiwe chumba cha chini, karibu na mashine ya kuchapa, ambako usipopaza sauti husikiki. Huko aliendelea na herufi D.

Asubuhi moja walipokutana kwenye ngazi Taratibu alisimama pembeni, akainamisha kichwa. "Shikamoo, dada."

"Marahaba," aliitikia, kwa kuwa ndivyo alivyolelewa, akashuka zake bila kumuuliza habari za watoto.