Bahasha Nyekundu ya Mzee Sato

Mwaka 1994, mashabiki wa Mzee Sato pale Mwanza walikuwa radhi wakose chakula kuliko kukosa riwaya yake mpya. Lakini hilo lilikuwa jina la bandia, na mwandishi mwenyewe hakutaka kujulikana kabisa. Basi wakamtumia barua katika bahasha nyekundu kwa sanduku lake la posta, wakamweka mwenzao Minza pale avizie nani ataichukua.

Siku ya tatu, Bachubai, bibi wa duka la vitambaa, akafungua sanduku na kuitoa! Minza nusura apige kigelegele. Macho yao yakagongana. Bibi akaificha bahasha haraka chini ya mtandio wake.

“Shikamoo, bibi,” Minza alisema, akapita.

Wenzake aliwaambia hajaona mtu.

Riwaya iliyofuata ilikuwa na maneno haya mwanzoni: “Kwa binti aliyeniamkia, akapita zake.”

“Binti gani huyo?” mashabiki walipiga kelele.

Minza alipiga kelele kuwashinda wote.