Makopo ya Abosede

Mimi sikutoka kwetu Ilesa kuja Ikorodu kula barafu. Hivyo ndivyo nilivyomwambia mwanangu Kolapo Jumapili niliyofika, nilipofungua friza nimpe mjukuu aiskrimu, nikakuta kopo la aiskrimu limejaa mchuzi wa egusi, ule wa mbegu za tikiti, umeganda kama tofali. La pili, mboga za majani. La tatu, maharage. Makopo saba, kila moja na siku yake. Mjukuu akaangua kilio, na mimi nikaangua changu.

"Ebo! Ndicho anachokulisha huyu mkeo? Maiti ya mchuzi?"

Kolapo akacheka. "Mama, Abosede anapika Jumamosi, tunakula wiki nzima. Tamu vilevile."

"Utajuaje utamu? Ulimi wako nao umeshaganda."

Mkamwana wangu Abosede ana tabia moja inayoniudhi: hakasiriki. Alipiga magoti akaniamkia ipasavyo, kisha akanieleza pole pole. Jumamosi alfajiri yeye na jirani yake hununua kikapu kizima cha nyanya na pilipili wakagawana, kwa sababu ukinunua mafungu kila jioni unachunwa ngozi. Anasagisha mashineni, anachemsha mpaka maji yote yakauke, anakaanga mara moja tu, na hapo anapata michuzi ya kila aina. Hata mtungi wa gesi unafika mwisho wa mwezi.

"Na nikitoka kazini, Mama, jioni yote ni ya kusoma."

Mtihani wake wa mwisho wa uhasibu ulikuwa Alhamisi. Alishaufeli mara mbili, na kazini walimwambia safari hii ni ya mwisho. Akishindwa, nafasi yake ya kazi anapewa mwingine. Ndiyo maana niliitwa. Nikae na watoto, nitoe kopo moja kwa siku, nilipashe moto, basi.

Kopo moja, basi! Mimi niliyelea watoto sita!

Kwetu mchuzi hupashwa asubuhi na jioni, na usiopashwa ni wa kumwaga. Kwa hiyo Jumatatu, Kolapo na mkewe walipokwenda kazini, niliyatoa makopo yote yaliyobaki, nikapasha mchuzi mmoja baada ya mwingine mpaka yote ikatokota. Nyumba ikanukia kama ya sikukuu. Nikajisemea, leo mmepata mama. Kisha nikamimina kila kitu kwenye kopo lake na kurudisha kwenye friza. Sasa, mtoto yeyote wa Ilesa anajua kwamba mchuzi wa moto haufunikwi, unachacha. Najua mimi kuliko wote. Lakini makopo yalikuwa na vifuniko, nikadhani ndivyo friza inavyotaka, nikavibana mpaka vikalia. Saa sita mchana umeme ukakatika, na haukurudi mpaka kesho yake.

Jumanne mchana nikafungua kopo la siku hiyo. Likapumua kama soda. Nikafungua la Jumatano, la Alhamisi, la Ijumaa. Yote povu, yote yananuka uchachu. Niliona aibu jamani, aibu ya kweli. Nikayamwaga yote kwenye ndoo nikakaa kando yake kama mfiwa.

Abosede aliomba ruhusa siku hiyo akarudi mapema asome. Alipiga magoti kuniamkia, na kabla hajainuka harufu ikamfikia. Akaitazama ndoo.

"Ni mimi," nikasema. "Nimepasha yote, nikayafunika ya moto."

"Si neno, Mama." Akaweka mkoba wa vitabu kitini, akajifunga kitenge, akachukua kisu na kitunguu.

Kolapo, aliyekwenda kumchukua kazini, alikuwa amesimama mlangoni. "Pole mke wangu. Wewe pika tu. Mtihani ukishindikana, tutafanyaje, Mungu anajua."

Hapo damu ikanipanda kichwani.

"Funga huo mdomo! Unamwachia Mungu kazi ya mikono yako? Vaa viatu, kamwage hiyo ndoo, kisha unibebee kikapu. Na wewe, mke wetu, weka kisu chini."

"Mama, ni chakula cha wiki nzima, peke yako huta..."

"Nimekuuliza? Weka kisu, shika kitabu."

Sokoni sikutafuta nyanya za kupendeza. Nilikwenda kwa wanaouza zile zilizopondeka, za chini ya kikapu, nikabishana na muuzaji mmoja mpaka akaniambia, "Bibi, chukua uende, umenichosha." Nilinunua ngozi ya ng'ombe ya kuliwa badala ya nyama, na kambare wakavu waliokatika vichwa. Tulipotoka mashineni, Kolapo alikuwa ametapakaa pilipili mpaka shingoni. Nilimsimamisha mbele ya sufuria.

"Maji hayajakauka, Mama?"

"Koroga."

"Macho yananiuma!"

"Yakome. Koroga."

Mimi nilichambua mboga, nikachagua maharage, nikapika egusi kwenye jiko la pili. Kila sufuria iliyoiva niliiteremsha wazi, nikaipepea, nikaigusa tako kwa kiganja mpaka iwe baridi kabisa ndipo nikajaza makopo. Mgongo ulikuwa unaniua. Sikukaa.

Abosede akatoka chumbani kunywa maji. Alimwona mumewe akilia machozi ya pilipili, akacheka, mara ya kwanza tangu nifike. Kisha akanigeukia.

"Mama, pumzika basi. Umeng'ang'ania hivi kwa nini? Chakula kimeharibika, ni bahati mbaya tu."

"Mimi nilisomea ualimu miaka mitatu," nikamwambia. "Ukabaki mtihani mmoja."

"Ukafeli?"

"Sikuufanya. Asubuhi hiyo baba yake huyu alipata wageni, nami nilikuwa uani natwanga viazi vikuu vyao."

Mwiko wa Kolapo ukasimama ndani ya sufuria.

"Wewe, koroga," nikamwambia. "Na wewe nenda kasome."