Pini Mdomoni

...na sasa anauliza tena, kaka, hivi leo hakuna mtu aliyepiga simu, na mimi nachota pini kwenye kisahani naziweka mdomoni, si moja, nyingi, nazibana kwa midomo vichwa vikiwa nje, maana kwenye duka hili ipo sheria ya Baba ambayo haijavunjwa tangu mwanafunzi wake mmoja alipomeza pini akijibu swali la kipuuzi, mwenye pini mdomoni haulizwi, anasubiriwa azimalize, kwa hiyo mdogo wangu anacheka, anasema haya fundi, samahani, malizia kwanza, ananyoosha mguu wa kulia ili niukunje upindo wa suruali, na mimi niko chini, magoti kwenye saruji, futi shingoni, chaki sikioni, nakunja... sijasema uongo jamani, mtu mwenye pini mdomoni atasemaje uongo, simu ilipigwa asubuhi huyu bwana bado amelala, ikapigwa ya dukani kwa sababu yake iko kwa fundi simu tangu kioo kipasuke, mwanamke wa ofisi ya hospitali, ana sauti ya taratibu, akasema ule usaili wa kesho umeletwa leo, mwisho saa nane mchana, nafasi ya maabara ni moja na atakayekosa amekosa, utamfikishia, nikasema nitamfikishia, na haki ya Mungu nilikusudia, nilikata simu nikageuka mdomo wazi nimwite, ndipo nikamwona Baba anatoka chumbani anapapasa ukuta, mkono wa pili amekumbatia koti.

Koti lake. Lile la kijivu alilolishona mwenyewe macho yakiwa bado macho, bitana ya hariri, kola inasimama bila kuombwa, koti nililoanza kulimezea mate tangu nina ndevu tatu, sikuwahi kumwomba, nani anaomba kitu chake, mzaliwa wa kwanza ndiye anayeachiwa koti la baba yake, hilo hata paka wa jirani anajua... akalitandaza mezani, akalipapasa kutoka bega mpaka bega, akasema fundi, lipunguze mabega limkae mwanangu, na suruali yake uipunguze urefu, kesho aende amependeza. Fundi. Mimi ni fundi, yule ni mwanangu, na wala hasemi kwa ubaya, ndivyo linavyomtoka, miaka yote niko naye mezani hapa, niliipa mgongo shule ili duka lisife, namtungia uzi, namshika mkono kwenda chooni, namwambia rangi za vitambaa vya wateja, na jina langu kwake ni la kazi. Basi nikameza maneno ya yule mwanamke, nikachukua mkasi. Nikasema nitamwambia nikimaliza mabega. Nikamaliza mabega, nikasema nikimaliza mikono, mikono imekwisha, sasa ni upindo, saa ya ukutani iko juu ya kioo na mimi sitaki kuangalia kioo wala saa, hospitali iko ng'ambo ya mji, akitoka sasa hivi anafika, akitoka baadaye kidogo anafika akihema, akitoka baadaye zaidi, basi tena... ninamwonea wivu. Haya, nimesema, hata kama nimesema kwa ndani. Wivu wa kweli, wa kumtazama mtu akinywa maji ukatamani glasi imponyoke, ana shingo ndefu ya mama yake, yule mama mdogo aliyeletwa hapa baada ya mama yangu kufa, akacheka vyumba vyote, akamzaa huyu, kisha akafa yeye pia, na Baba kila akimsikia huyu anacheka anageuza uso upande ule, kipofu mzima anageuka kutazama, mimi nikicheka haulizi hata nani amecheka.

Na sasa Baba ameanza. Yuko kwenye kiti chake pembeni ya cherehani ya zamani, kopo la vifungo mapajani, anavichambua kwa vidole, vyenye matundu mawili huku, vya matundu manne kule, na huku anajisimulia somo la Jumapili, maana anafundisha darasa la watu wazima kanisani, na kwa kuwa hasomi tena anazisimulia habari kwa kichwa na kuzifanyia mazoezi hapa kwetu, zamani ilikuwa Isaka na wanawe wawili, ikaja Lea na Raheli, wiki hii, nani mwingine, Yusufu. Katika habari zote. Watoto kumi na wawili na baba mmoja asiyejua kuficha mapenzi yake, kijana anashonewa koti ambalo wenzake hawana, anaota ndoto kwamba ndugu zake wanamwinamia, na hakai nayo kimya, anawasimulia wenyewe asubuhi, kuna watu wana mdomo, mimi nikiwa mtoto nilikuwa nashika upande wa wale kumi kimoyomoyo, nikaogopa radi... na angalia sasa nilivyo, nimepiga magoti mbele ya mdogo wangu, pua yangu iko usawa wa goti lake, yeye amesimama kwenye kigoda kama askari wa paredi, ndoto gani tena inatafutwa. Mtaka cha mvunguni huinama, wanasema, mimi nimeinama mpaka kiuno kimekuwa na umri wake peke yake, na mvunguni hamna kitu. Naingiza pini. Naichomoa, haikunyooka. Imenyooka sana, nani anamdanganya nani, naichomoa na kuirudisha mdomoni kwa sababu zikiisha nitaulizwa.

Baba anasema, wakamtosa shimoni, lakini Mungu hakukaa juu ya shimo akitazama tu, msafara ukapita, akauzwa, akafungwa, akapanda, akawa mkubwa wa ghala za nchi nzima, na shimo lile lile likawa ndiyo njia yake, kwa hiyo wapendwa, riziki ya mtu hakuna wa kuizuia... sikia hiyo. Sikia. Hilo ndilo ninalojiambia tangu asubuhi, nimelisikia kwake tangu utotoni na leo limenifaa, riziki haivutwi kwa kamba, kama kazi ya maabara ameandikiwa ataipata hata mimi nikae na pini mdomoni mpaka jua lizame, yule mwanamke atapiga tena, au mwenzake aliyeitwa naye atapita kumwambia, au watampigia kesho waseme tumeahirisha, Mungu ana njia elfu, kwa nini iwe lazima apitie mdomoni kwangu, na kama hakuandikiwa basi hata nikimbeba mgongoni mpaka mlango wa hospitali atarudi mikono mitupu, kwa hiyo mimi simo, mimi ni mtu anayekunja suruali. Hoja imekaa vizuri. Ina kola na bitana. Mbona basi pini imenichoma kidole, nafuta damu kwenye shati langu haraka isije ikagusa kitambaa, damu haitoki kwenye sufu... wale kumi nao bila shaka walijiambia hivyo hivyo, Mungu yupo, kama ndoto zake ni za kweli zitamtoa shimoni, na tuone, walisema kabisa, tuone ndoto zake zitakuwaje, kisha wakakaa wakala.

"Lakini kuna jambo limenikaa kichwani," Baba anasema, na mkono wake umetulia ndani ya kopo. "Yule mzee alikuwa mchunga kondoo. Mchunga kondoo hashoni koti kama lile. Alishonewa. Na aliyeshona alikuwa humo humo nyumbani, maana mtu wa nje asingejua vipimo vya mtoto."

Mdogo wangu anacheka juu huko, anasema Baba, sasa unaongeza vitabu kwenye Biblia, na Baba anajibu siongezi, natazama mshono, na anasema hivyo macho yake meupe yameelekea dirishani, na mimi midomo imekauka kwenye chuma... natazama mshono. Anajua? Amesikia simu asubuhi? Hapana, alikuwa chumbani, mlango umefungwa, ukuta wa ndani mwembamba lakini, hapana, Baba si mtu wa mafumbo, akikukasirikia anakwambia mbele ya mteja, ni ufundi tu unamsumbua, mzee wa cherehani akisikia koti anataka kujua nani alilishona. Lakini ameshaniwekea mtu hapa ndani. Mtu yule sikuwahi kumwona, mara zote nilizosimuliwa nimewaona kumi wenye hasira na mmoja mwenye koti, sikumwona aliyekaa kitako akalishona, akalipima begani kwa mdogo wake, akang'ata uzi, akajua ndani yake kila mahali sindano ilipopita, kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yenyewe kaishona ndugu yako, kisha siku walipolileta limechanika lina damu ya mbuzi wakasema mzee, hebu tazama, hili ni la mwanao au si lake, huyo aliyeshona hakuhitaji kutazama, alikuwa amekwisha kulijua likiwa bado mlangoni. Naye akanyamaza. Alikuwa na nini mdomoni.

Na walipata nini? Hilo sijawahi kujiuliza, nimekua nikidhani shida yao ilikuwa kukamatwa, wangefanikiwa kimya kimya ingekuwa safi, lakini walifanikiwa, si walifanikiwa, miaka kwa miaka hakuna aliyejua, walichotaka kilikuwa baba awatazame, mtoto wa koti ameondoka, nafasi imebaki wazi, na yule mzee hakumtazama hata mmoja wao, watoto kumi wazima wamekaa naye mezani na yeye anamwona asiyekuwepo, wakamfariji na hakufarijika, mdogo wao alikuwa na koti tu, wakampa nyumba nzima. Naona duka hili. Namwona huyu kesho amerudi kutoka hospitali na koti mkononi, wamemwambia ilikuwa jana, anakaa pale kwenye benchi la wateja, na Baba anaacha vifungo, anauvuta uso wa mwanawe kwa viganja, na mimi niko hapa hapa kwenye mashine hii, naye haniiti hata fundi. Na Rubeni, kwani Rubeni je, Baba humruka kila mara, mkubwa wao, mzaliwa wa kwanza kama mimi, yeye hakutaka mtoto afe, alisema mtieni shimoni tu, nitarudi baadaye nimtoe, alikuwa mtu mwema Rubeni, alikuwa na baadaye, akarudi akachungulia akakuta shimo tupu. Nikimaliza mabega. Nikimaliza mikono. Nikimaliza upindo.

"Kaka," ananiita, sauti imeshuka, si ile ya kucheka, ameinama kidogo juu yangu ili Baba asisikie. "Kesho tusindikizane. Naogopa. Nikiwa peke yangu nitasahau hata jina langu." Kisha anasema usijibu, najua una pini, tikisa kichwa tu.

Tikisa kichwa tu. Mtoto huyu, mtoto huyu jamani, nilimlaza chini ya meza hii ya kukatia juu ya mabaki ya vitambaa mama yake alipokwenda, alikuwa hapati usingizi mpaka asikie cherehani, nikawa nashona kitu chochote, nashona kitambaa kitupu kwenda na kurudi mpaka apitiwe, na hata siku zile nilikuwa namwonea wivu, nasema kweli, nakanyaga pedali na wivu ninao, havikuwahi kutengana, na leo pia haujaondoka, upo, umekaa hapa kifuani, koti bado nalitaka, nikilitazama begani kwake nalitaka. Nilidhani kwanza uondoke ndipo nitaweza kusema. Nilikuwa nausubiri uondoke. Labda hauondoki, labda Mungu hausubiri uondoke, ana njia elfu, sawa, lakini leo asubuhi katika zote alipiga simu ya duka hili, nikapokea mimi... suruali imebaki mguu mmoja, itaanguka juu ya kiatu, watamwona na mguu mmoja mrefu, na waone.

Natoa pini mdomoni, zote kwa pamoja, nazitemea kiganjani, mbili zinaanguka zinalia kwenye saruji, na Baba anainua kichwa, sauti ile anaijua, anasema fundi, umemaliza, nasema bado. Niko chini vile vile, nimeshika kifundo cha mguu wa ndugu yangu, nami namtazama juu kwenye shingo ile.

"Walipiga simu kutoka hospitali," nasema. "Usaili ni leo, mwisho saa nane. Nenda hivyo hivyo, ukiondoka sasa unafika."

Anaruka kutoka kwenye kigoda, anageukia saa, anageukia mlango, anarudi, viatu viko wapi, vyeti viko wapi, kisha anasimama, ameshika kola ya koti kwa mikono miwili, ananitazama nilipo.

"Walipiga saa ngapi?"

Na vifungo vimenyamaza kwenye kopo, na ningeweza kusema sasa hivi, ulipokuwa unavaa, ni neno jepesi, angelichukua aondoke nalo na asingejua kamwe, na Baba asingejua, naliona limelala juu ya ulimi liko tayari, nami ninawataka wote wawili wanipende, nalitaka sana hilo, nimelitaka tangu nikiwa na akili.

"Asubuhi," nasema. "Ulikuwa bado umelala."