Mkono Begani mwa Gleb

Jumatatu mchana Kapitolina, mrekebishaji wa picha za gazeti mjini Moscow, alimaliza chai yake, akanoa wembe, akamfuta Arseni Vetlugin pichani. Arseni alikuwa amekufa mazoezini, mwavuli wake wa kurukia kutoka ndegeni ulipokataa kufunguka, na serikali ilikwishatangaza kwamba wanaojiandaa kwenda anga za juu hawafi. Pale aliposimama Arseni, Kapitolina alichora kichaka cha waridi. Kisha jirani akapita akisema machungwa yanauzwa pale kona, naye akakimbilia foleni. Akausahau mkono wa Arseni, uliokuwa begani mwa rafiki yake, Gleb Toropov.

Kesho yake Gleb aliamka na mkono begani. Daktari aliupima uzito. Fundi wa suti za anga alipanua bega la suti yake.

"Ukiota wa nne, kamanda," alisema, "katafute fundi mwingine."

Lidia, mjane wa Arseni, alikuja na sabuni. Aliuosha mkono, akaukata kucha.

"Shemeji, anakusumbua?"

"Usiku tu. Ananipapasa mifukoni akitafuta sigara."

"Mwizi huyo! Sasa sikia. Ukirudi kutoka angani, watakupa kipaza sauti. Mtaje jina, mara moja tu. Mimi nikimtaja, wanasema mume wangu alikuwa dereva wa trekta."

"Nitamtaja."

"Niapie."

"Naapa kwa mama yangu."

Majira ya kuchipua chombo cha Gleb kilirushwa kutoka nyikani. Kilikuwa tufe la chuma, nafasi yake ya mtu mmoja. Kilipoizunguka dunia, Gleb aliona Afrika ikipita chini, ya rangi ya mkate. Kioo kilipoingia ukungu, mkono ulikifuta.

"Uko peke yako huko?" waliuliza walio ardhini kwa redio, wakicheka.

"Peke yangu," alijibu Gleb.

Siku ya mapokezi uwanja ulijaa. Lidia alisimama mstari wa mbele. Gleb alipewa hotuba iliyokwishapigwa chapa. Alikishukuru chama, akawashukuru wahandisi na wasichana walioshona suti. Kisha akamtazama Lidia. Mkono ulimbonyeza taratibu, kama mtu amwamshaye mwenziwe kituo kisimpite.

Gleb alipangusa jasho, akakishukuru chama tena.

Watu walipiga makofi. Mkono nao, kwa kuwa ulikuwa mmoja, ulimpiga Gleb mgongoni mpaka makofi yalipokwisha.

Alipoteremka jukwaani Lidia alikuwa akimngoja. Alifungua mkoba, akatoa glavu moja ya sufu.

"Baridi ikianza, shemeji, mvalishe," alisema. "Vidole vyake hufa ganzi upesi."