Machozi ya Kichupa

Wanawake arobaini walikuja Miyuji siku ile kumtazama Nazish akilia, na Nazish hakuwa na chozi hata moja.

Usidhani walikuwa na roho mbaya. Katika ukoo wa Gulamrasul biharusi hatoki kwao kwa vigelegele. Baba yake huinua Msahafu mlangoni, naye hupita chini yake. Lakini kabla ya hapo mama humkumbatia na kulia mpaka watu waje kuwaachanisha. Kilio hicho hakisahauliki. Wapo wanaosimulia hadi leo jinsi mama yake Nazish alivyolia hata akapoteza kiatu kimoja, kikatafutwa siku mbili. Na mama asiyelia? Loo! Huyo huulizwa mgongoni kama alizaa au aliokota.

Macho ya Nazish yalikuwa yamekauka. Ilianza kwa macho mekundu, yale yaliyopita nyumba kwa nyumba mwaka juzi. Mumewe, Asif, akamletea dawa ya matone kutoka duka la dawa. Wekundu ukaisha, na baada ya wiki mbili ukarudi, safari hii na usaha. Wakafanya kama tufanyavyo wengi wetu: wakapeleka kichupa kitupu dukani na kusema, “Tupe kama hii.” Kikaisha, wakarudi. Tupe kama hii, tupe kama hii, miezi minane! Maambukizi yalipokuja mara ya tatu ndipo walipofika kwa daktari bingwa. Aliwaambia taratibu kwamba maradhi na ile dawa iliyopita kiasi vilisaidiana kuyaharibu macho, na sasa hayakuweza tena kujitengenezea maji.

“Yatarudi, daktari?” Nazish aliuliza.

Daktari aliandika machozi ya bandia, kila baada ya nusu saa.

Tangu hapo Nazish aliishi kama mtu aliyemwagiwa mchanga machoni. Upepo wa Julai, na vumbi lake, ulimfungia ndani. Hata taa ya sebuleni ilimchoma, ikambidi avae miwani ya jua chini ya dari yake mwenyewe. Asubuhi ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Kope ziligandana na mboni, na akizifungua kwa pupa, jicho lilichubuka. Kwa hiyo kila alfajiri bintiye wa pekee, Ikram, alimletea kitambaa cha maji ya uvuguvugu, akamwekea machoni, akakaa kitandani akimsimulia habari za mjini mpaka kope zilegee. Katika muda wote huo hakuchelewa hata siku moja.

Kisha ikaja posa ya Shahil, kijana mwenye kazi yake Muskati. Ikram alimpenda, hilo halikuhitaji mpiga ramli. Lakini mwezi Mei, akiwa ameshika bakuli la maji, alisema hataolewa.

“Nani atakufungua macho, mama?”

Nazish alihisi moyo ukimpasuka, kwa maana hilo ndilo neno alilotamani kulisikia na ndilo alilokuwa akiliogopa. Mchelea mwana kulia hulia yeye, alijiambia, akapiga moyo konde.

“Nani kakwambia nakuhitaji? Kila siku kitambaa, kila siku maswali, kama askari jela! Nimekuchoka, Ikram. Nenda kwako, nami nipumue.”

Ikram aliliweka bakuli sakafuni. Kesho yake akaikubali posa. Kitambaa kiliendelea kuletwa kila alfajiri, lakini masimulizi yalikatika.

Sasa siku yenyewe ilikuwa imefika, gari liko nje, na wifi yake, Shabnam, alimwinamia sikioni.

“Wifi, vua miwani. Watu wanasema umejificha.”

“Wanajua naumwa.”

“Wanajua unaumwa macho. Wanataka kuona kama una uchungu.” Shabnam akashusha sauti zaidi. “Si una dawa yako? Nenda kajitilie. Nani atajua?”

Nazish aliona aibu, lakini alikwenda. Chumbani alijitilia ile dawa nzito aliyoitumia usiku, matone matano kila jicho, akarudi akipapasa ukuta. Asif alikuwa ameshasimama mlangoni ameuinua Msahafu. Ikram alitoka katika shela jekundu. Nazish akavua miwani. Mwanga na upepo vikampiga kwa pamoja, na matone yakaanza kumteremka mashavuni.

“Masikini mama wa watu!” alipaza sauti mmoja, na chumba kizima kikaangua kilio.

Ikram alimkumbatia kwa mikono mikavu, kama mtu anayemaliza zamu. Kisha akasita. Aligusa shavu la mama yake kwa kidole, akakisugua kwa dole gumba. Ni yeye aliyekuwa akinunua vile vichupa. Aliujua utelezi wake.

“Haya ya kichupa, mama,” alinong’ona.

“Ndiyo.”

“Umewalilia watu.”

Hakusema kwa hasira, na hapo ndipo Nazish alipoumia. Angenyamaza, binti angeondoka salama, na neno lile la Mei angekwenda nalo Muskati, akaishi nalo, akawalea wanawe nalo. Angesema, pengine Ikram angevua dhahabu zile palepale. Miezi miwili alikuwa amejisifu moyoni kwamba ana moyo wa jiwe kwa faida ya mwanawe. Mbele ya kidole kile kilicholowa aligundua kwamba hana.

“Siku ile nilikudanganya,” alisema.

“Ipi?”

“Ya kukuchoka. Kila alfajiri nilikuwa naamka kabla yako. Nalala kimya nimefumba macho, nasikiliza ndara zako zikija koridoni.”

Ikram alimtazama. Nje dereva alipiga honi.

“Basi sendi.”

“Utakwenda.”

“Mama, nitavua vyote hivi sasa hivi!”

“Ningetaka ubaki, ningekwambia tangu Mei. Nataka uende, mwanangu. Lakini uende unajua.”

Ndipo Ikram alipolia, kilio cha mtoto mdogo, bila kujali wanja wala wageni. Aliubana uso wake kwenye uso wa mama yake, shavu kwa shavu, jicho kwa jicho, na machozi yake yakamwingia Nazish machoni. Yalikuwa na chumvi. Yalimchoma kama pilipili, lakini hakufumba. Ilibidi Asif ampe ndugu yake ule Msahafu, aje kuwaachanisha kwa mikono yake mwenyewe.

Ikram akainama, akapita. Mlango wa gari ukafungwa. Nazish alibaki kizingitini bila miwani, upepo ukimpiga usoni, akiifuata kwa macho rangi nyekundu iliyozidi kufifia nyuma ya kioo mpaka gari likakata kona.

Shabnam alimjia na leso, naye analia na kucheka.

“Umelia, wifi! Umelia kweli! Ngoja nikufute.”

Nazish aliushika mkono wake, akauzuia.

“Usiyafute,” alisema. “Ni ya Ikram.”