Mshale Ukitulia

Suruali ya kupimia watoto uzito ilikuwa ya turubai iliyofubaa, mshono mmoja umerudiwa kwa uzi wa buluu. Ndindi alimpenyeza mjukuu wake mguu mmoja, kisha wa pili. Kisilu alikuwa na mwaka na miezi miwili, amevalishwa masweta mawili, na bado miguu ilipita bila kugusa kitambaa.

Mama yake, Kavinya, aliingia hospitali kuu akitembea, akatoka amefunikwa shuka. Ndindi akaapa mtoto huyu hatalala huko. Na hapa kliniki, mtoto akipungua kilo, huko ndiko anakopelekwa.

Hila ya kudanganya mizani alifundishwa na Anyango, jirani yake wa Kaloleni, muuza matumbo kule Majengo.

"Springi haili cha mtu, mama Kavinya," Anyango alimwambia, akitundika matumbo kwenye mizani. "Ukishusha polepole, mkono wako unabeba ile nguvu ya kushuka. Ukiachilia ghafla, hee! Yote inaingia kwenye springi. Inavutika karibu mara mbili, halafu inarudi juu. Juu, chini, juu, chini, mpaka ichoke. Ukweli uko katikati."

"Na wewe unasoma wapi?"

"Chini kabisa! Kwani mimi malaika?"

Walicheka siku hiyo.

Basi kila mwezi Ndindi alimwinua Kisilu, akatia kamba kwenye ndoano, akaachilia. Mshale ukaruka hadi tisa, mtoto akapiga yowe, Sista, muuguzi wa mizani, akaandika tisa bila kungoja, maana foleni ilifika langoni. "Vizuri, shosho. Mwingine!" Chumba cha pili waligawa unga na maziwa kwa waliokonda. Ndindi alipita mlango huo kichwa chini.

Leo akaachilia tena. Mshale ukaruka kupita nane.

Kisilu hakulia.

Alishuka, akapanda, kichwa kikimfuata nyuma kama cha kuku aliyechinjwa, macho wazi. Sista alikwisha kuinamisha kalamu.

"Ngoja mshale utulie, Sista."

"Shosho, watu ni wengi."

"Ngoja, mwanangu. Nakuomba."

Wakangoja. Mshale ukarudi hadi moja, ukashuka hadi saba na nusu, ukarudi hadi mbili, kila safari springi ikilipa ilichopewa, pungufu kidogo. Ukatetemeka. Ukasimama kwenye nne na nusu.

"Mwezi jana nilisoma tisa," Sista akasema taratibu.

"Nilikuwa namwangusha. Niliogopa mtamchukua."

Sista hakufoka, heri angefoka. Alifunua tumbo la Kisilu, akaiminya ngozi kwa vidole viwili, akaiachilia. Ngozi ikabaki imejikunja pale pale, haikurudi.

Akamwita dereva wa ambulensi ya hospitali kuu.

"Tutafika?" Ndindi akauliza, akimtoa mtoto kwenye ndoano.

"Mfunike, shosho," Sista akasema.